Wanyama wa porini kwenye viwanja vya burudani vya Orlando: familia ya Bagamoyo ijiandae vipi?

Ummu Salma, Magomeni Bagamoyo

Assalaam alaykum wana jukwaa, na habari zenu wote.

Kuna familia ya hapa inasafiri Julai kwenda Orlando, Florida: wazazi, bibi yao na watoto watatu, wa miaka 4, 9 na 13. Watazunguka viwanja vikubwa vya burudani vya kule, na hoteli waliyopangiwa iko kando ya ziwa. Watoto hawa wamekulia Bagamoyo, wanajua Ruvu haiogwi na kiboko akitoka jioni unampisha. Ninachohofia ni kwamba wakifika kule wakakuta taa, muziki na mchanga mweupe umemwagwa ukingoni, watadhani pale hakuna kitu cha kuogopa. Na wazazi nao wanasema, "Si ni ndani ya uzio?"

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Ni wanyama gani hasa hukutwa ndani ya maeneo hayo, achilia mbali waliofungiwa kwa maonyesho? Mtu akae umbali gani, na akikutana nao afanye nini? Nyoka je? Na mtu akiumwa, hatua za kwanza ni zile zile tunazofundishwa huku au ni nyingine? Naomba majibu ya kina, maana nataka kuyachapa na kuwapa wasafiri nao.

Mto Wami, muongoza watalii, Saadani

Wa alaykumu salaam dada. Swali lako limekuja kwa wakati, nitaanza na la majini kwa sababu ndilo linaloua.

Kwanza waelewe ardhi ile. Walt Disney World, eneo kubwa la viwanja vya burudani na hoteli kule Orlando, ilifunguliwa Oktoba 1971 kwenye vinamasi na misitu ya misonobari, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100, na sehemu kubwa yake imeachwa pori mpaka leo. Kuna maziwa, madimbwi na mifereji ya kutoa maji ya mvua, na mingi imeungana. Mnyama anayeitwa aligeta, ambaye ni wa jamii moja na mamba wetu, hutembea kwa njia hizo hizo za maji, na usiku huvuka hata nchi kavu kutoka dimbwi moja hadi jingine. Kwa hiyo hakuna "nje" anakotoka, yupo kwake. Uzio unamzuia mtu asiukaribie ukingo na unampunguzia mnyama kasi. Haulifungi ziwa.

Florida ina wilaya 67 na aligeta wapo katika kila moja. Mamlaka ya wanyamapori ya jimbo inawakadiria kuwa kama milioni 1.3. Kanuni ya kuwapa watoto ni nyepesi: maji yoyote yasiyo na klorini, hata kama ni dimbwi dogo pembeni ya uwanja wa gofu au mtaro wa nyuma ya hoteli, hesabu kwamba yumo.

Sasa tofauti na mamba wa Wami na Ruvu. Mamba wetu anawinda mnyama mkubwa, na mtu mzima yumo katika orodha yake. Aligeta chakula chake kikubwa ni samaki, kasa, ndege na wanyama wadogo. Mtu mzima aliyesimama kwa kawaida humwona ni mkubwa mno. Lakini hapo ndipo watu wanapoteleza, kwa sababu mtoto wa miaka 4 aliyechuchumaa kwenye maji ya kifundo cha mguu, anachota mchanga kwa ndoo, kwa aligeta ana kimo na mwendo wa mawindo yake ya kila siku. Mbwa ni vivyo hivyo. Tarehe 14 Juni 2016, majira ya saa 3 usiku, mtoto wa miaka 2 alichukuliwa ukingoni mwa ziwa la Seven Seas Lagoon, kwenye hoteli iliyo ndani ya eneo la Disney. Alikuwa kwenye maji mafupi kabisa. Baba yake aliingia akajaribu kuyapanua mataya kwa mikono, ikashindikana. Wakati ule mabango yalikataza kuogelea tu bila kumtaja aligeta. Baada ya msiba ule ndipo yakawekwa mabango yenye picha ya aligeta na nyoka, uzio na mawe makubwa kando ya kingo.

Angalieni mambo matatu katika tukio hilo: saa, kina cha maji na ukubwa wa mtoto. Aligeta anahangaika zaidi kati ya magharibi na alfajiri. Joto linalomfaa ni kati ya nyuzi 28 na 33, na maji yakipoa chini ya nyuzi 21 hamu ya kula humtoka. Julai maji ni ya moto usiku kucha. Na kuwinda kwake ni kule kule kwa mamba wetu: analala chini ya maji, macho na tundu za pua tu juu, anangoja kitu kije ukingoni. Hafukuzi. Ndiyo maana kuyatazama maji ukaona shwari hakukupi habari yoyote.

Julai ina jambo jingine, ni majira ya viota. Jike hutaga mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai, mayai kama 32 hadi 46, ndani ya lundo la majani na matope lenye kimo cha kufika kiunoni mwa mtoto. Mayai huanguliwa kati ya katikati ya Agosti na mwanzo wa Septemba. Ukiona lundo la namna hiyo karibu na maji, rudi ulikotoka. Na vitoto vyake, vyeusi vyenye pete za manjano, urefu wa kama kiganja na nusu, hulia kwa sauti nyembamba. Mtoto wa miaka 9 atatamani kuokota kimoja. Ile sauti ni ya kumwita mama, na mama hayuko mbali.

Umbali: mita 20 kutoka kwa mnyama, si pungufu. Kutoka ukingo wa maji yasiyo na uzio, watoto wakae mita 5 nyuma mchana, na jioni ikiingia wasiende kabisa. Akifungua kinywa na kutoa mlio wa kufoka kama mvuke wa sufuria ya presha, tayari umemkaribia kupita kiasi. Rudi kinyumenyume taratibu ukimtazama, kisha ondoka.

Kijana wa Dunda

Shukrani kaka Wami kwa somo. Nyongeza kidogo: mamba akikufukuza kimbia kwa kukata kona huku na huku, mwili wake ni mrefu hawezi kugeuka haraka. Hii inafundishwa kila mahali.

Mto Wami

Mdogo wangu, hiyo inafundishwa kila mahali na si sahihi, tena ni ya hatari. Ukikata kona unapoteza kasi na unabaki jirani yake muda mrefu zaidi, na ukingo wenyewe una utelezi, mtoto ataanguka. Aligeta nchi kavu ana mbio za kufyatuka kwa mita chache tu, kisha pumzi inakwisha. Kimbia moja kwa moja, mbali na maji. Huku kwetu ni hivyo hivyo.

Akikamata, na Mungu aepushe, usijaribu kupanua mataya. Misuli ya kufunga ni ya nguvu za ajabu, ya kufungua ni dhaifu. Piga na chokoa macho, piga ncha ya pua, mfululizo, piga kelele. Lengo ni aone kwamba hiki si chakula chepesi, aachie ili apate kukamata upya. Dakika hiyo ndiyo ya kutoka. Mtu mzima wa pili amshikilie aliyekamatwa asivutwe kwenye kina, kwa sababu aligeta akishafika kwenye kina huzunguka kama pia, na hapo ndipo viungo hukatika.

Ili wasafiri wasiogope kupita kiasi: kwa jimbo zima, watu wanaoumwa na aligeta bila kumchokoza, kwa kiwango cha kuhitaji matibabu, ni wastani wa wanane kwa mwaka. Wageni wanaoingia Florida ni mamilioni. Idadi ni ndogo kwa sababu watu wengi hukaa mbali na ukingo, na iendelee hivyo.

Chumbageni Orlando, kazi za hoteli

Salaam kutoka huku, dada Ummu Salma. Kaka Wami amemaliza ya aligeta, mimi nitaongezea ya ndani ya viwanja vyenyewe, kuanzia wanaoonekana zaidi.

Wageni hulalamika zaidi juu ya ndege na kindi kuliko mnyama mwingine yeyote. Kwarara weupe wenye mdomo mrefu uliopinda, na shakwe, huja mpaka kwenye meza za nje na kunyakua viazi mkononi mwa mtoto. Kindi hupanda kwenye vigari vya watoto vilivyoegeshwa wakati watu wako kwenye michezo, wakatafuna mfuko mpaka wapate biskuti. Chakula kikae kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, kisiachwe kwenye gari la mtoto. Kucha za kindi zinachana, na akiuma ni jeraha la kusafishwa siku ile ile.

Korongo wa kijivu mwenye kipaji chekundu, kimo chake zaidi ya mita moja, hutembea kwenye nyasi za hoteli na vifaranga vyake, haogopi magari wala watu. Watoto watataka kupiga naye picha. Mdomo wake ni mkuki na anaulenga usoni. Mita 10, na msimtenganishe na kifaranga chake.

Usiku hutoka rakuni, mnyama mwenye barakoa nyeusi usoni na mikono inayofungua kila kitu: pipa la taka, friji ya barafu, zipu ya begi. Kakakuona wa kule naye hufukua bustani. Hawa wawili ni wa kutazama tu. Rakuni ni miongoni mwa wanyama wanaobeba kichaa cha mbwa, na kakakuona wa Florida wengine wanabeba vijidudu vya ukoma. Rakuni anayezubaa mchana kweupe, anayumba au hana woga, mripoti mapokezini na mkae mbali.

Dubu wapo pia. Tarehe 18 Septemba 2023 dubu mweusi jike alipanda juu ya mti ndani ya Magic Kingdom, kimoja cha viwanja vya Disney, sehemu kadhaa za kiwanja zikafungwa asubuhi mpaka maofisa wa wanyamapori walipomteremsha na kumhamisha. Majira ya vuli dubu anakula mfululizo kujiandaa na baridi, ndipo anapozurura mbali. Julai uwezekano ni mdogo, lakini kanuni yake ni tofauti na ya aligeta, kwa hiyo iandikwe: kwa dubu hukimbii. Simama wima, nyanyua mikono uonekane mkubwa, ongea kwa sauti thabiti, rudi nyuma polepole, mwachie njia ya kuondokea. Usipande mti, anakushinda.

Wakienda nje ya Orlando kaskazini, kwenye hifadhi ya Silver Springs, watakuta nyani wadogo wa rangi ya kahawia kando ya mto. Si wenyeji, waliletwa kutoka Asia miaka ya 1930 kuvutia watalii, wakaogelea kutoka kisiwani wakazaliana. Watoto wa Bagamoyo wamezoea tumbili wa bustanini, watawasogelea. Wasithubutu. Baadhi yao wanabeba virusi vya hepesi B, ambavyo vikimwingia mtu kwa kuumwa au kukwaruzwa vinaweza kufika kwenye ubongo.

Halafu sheria. Kumlisha aligeta, dubu, rakuni, mbweha au korongo wa aina ile kumekatazwa kisheria Florida. Wageni wengi hudhani ni adabu tu za hoteli. Sababu yake ni hii: aligeta asiyelishwa huzama mtu akimkaribia. Aliyetupiwa mkate mara chache huacha woga, akaanza kuogelea kuelekea kivuli cha mtu. Mgeni aliyemlisha huwa ameshapanda ndege, anayelipa ni mtoto wa mgeni anayefuata. Na kumwagia samaki au bata chakula ukingoni ni kumlisha aligeta kwa mzunguko, kwa sababu anakuja kuwafuata hao bata. Hili naomba ulikoleze wino.

Namba za kuweka kwenye simu za wazazi kabla ya kupanda ndege: 911 kwa dharura yoyote. 866-392-4286 ni ya aligeta anayetishia watu. Wahusika wanachukulia hatua aligeta wa urefu wa kuanzia kama mita 1.2. 1-800-222-1222 ni ya sumu, saa 24, inajibu hata kuhusu kuumwa na nyoka. Mkiwa ndani ya kiwanja, mwambieni mfanyakazi yeyote mwenye beji kwanza, ana redio na anafika haraka kuliko simu yenu.

Tabibu wa Ngamiani, Tanga

Dada Ummu Salma, nimesubiri wenzangu wamalize ya kuepuka, sasa nije kwenye kuumwa. Umeuliza kama hatua ni zile zile za huku. Jibu ni ndiyo kwa mengi, lakini kuna moja muhimu ambayo si.

Florida ina aina sita za nyoka wenyeji wenye sumu ya kumdhuru mtu, na eneo la Orlando lina nne kati yake. Wa kwanza ni nyoka wa majini, mnene, mweusi au kahawia, mwenye kinywa cheupe kama pamba ndani akikifungua kutishia. Wenyewe wanamwita cottonmouth. Anakaa kwenye kingo zile zile za aligeta. Wa pili na wa tatu ni nyoka wa njuga, mkubwa mwenye alama za msumeno wa almasi mgongoni, na mdogo wa chini ya nusu mita. Huyu mdogo ndiye wa kumwangalia kwa watoto, maana njuga yake ni ndogo kiasi kwamba mlio wake ni kama wa mdudu na mtu wa hatua mbili tatu hausikii. Wa nne ni nyoka wa pete nyekundu, manjano na nyeusi, ambapo nyekundu inagusana na manjano.

Watatu wa kwanza sumu yao inafanana kazi na ya kifutu wetu: uvimbe, maumivu makali, kuharibika kwa nyama na damu kutoganda. Wa nne ni wa upande wa swila na koboko: sumu ya mishipa ya fahamu, kope kulegea, kushindwa kumeza, pumzi.

Hatua. Ondokeni pale nyoka alipo, msimtafute wala kumuua; picha ya simu kutoka mbali inatosha. Pigeni 911. Vueni pete, bangili, saa na viatu upande ulioumwa kabla uvimbe haujapanda, kwa sababu nusu saa baadaye pete itakuwa inakata kidole. Mtoto akae ametulia, mkono au mguu usawa wa moyo, usitembezwe. Kisha chukueni kalamu, chora mstari pale uvimbe unapoishia na andika saa pembeni yake. Rudieni kila baada ya dakika 15. Huo mstari ndio daktari atauangalia kwanza kuamua kasi ya sumu.

Msikate, msinyonye, msiweke barafu, msifunge kamba. Msimpe aspirini wala ibuprofeni, zinaongeza kutoka damu, parasetamoli inafaa. Na hapa ndipo tofauti niliyoitaja. Wengine huku tunafundisha bandeji ya kubana mguu mzima kwa aliyeumwa na koboko, ili sumu ya fahamu ichelewe kufika. Kwa cottonmouth na nyoka wa njuga msiifunge. Sumu yao inakula nyama pale pale ilipo, ukiibana unaikusanya mahali pamoja na madhara yanakuwa makubwa zaidi. Kwa nyoka wa pete nyekundu, tatizo ni jingine: dalili zinaweza kuchelewa hata kwa muda wa saa 12, familia ikarudi hotelini kulala kwa sababu hakuna uvimbe. Aliyeumwa na huyu analazwa hata kama anacheka.

Dawa ya kuzuia sumu ipo hospitali kubwa za kule, na kwa nyoka wa kundi la kwanza mara nyingi wanaanza na chupa 4 hadi 6. Kila chupa ni maelfu ya dola. Bima ya safari ikatwe kabla, na wazazi wasome kama inalipia huduma ya dharura na kulazwa kwa kila mtu, bibi akiwemo, kwani kampuni nyingi zina kikomo cha umri.

Kuumwa au kukwaruzwa na mnyama mwenye damu moto, kindi, rakuni, popo, paka wa mitaani: maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kwa kutazama saa, halafu hospitali. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa ambaye hajawahi kuchanjwa ni siku ya 0, 3, 7 na 14, pamoja na kingamwili inayochomwa kuzunguka jeraha siku ya kwanza. Safari ya wiki mbili inaweza kuishia katikati ya ratiba hiyo, kwa hiyo waombe kadi yenye jina la chanjo na tarehe ili wamalizie huku. Popo aliyekutwa chumbani alikolala mtoto ahesabiwe kama ameuma, hata alama isipoonekana. Meno yake ni madogo kama ncha ya sindano.

Jeraha la aligeta, hata dogo, si la kufunga bandeji hotelini. Maji ya kinamasi na kinywa chake vina bakteria wanaoozesha haraka, na kidonda kikishonwa bila kusafishwa vizuri usaha hujifungia ndani.

Sasa wale ambao karibu kila familia hukutana nao na hakuna aliyewataja: chungu wa moto. Huyu si majimoto wa kwenye mwembe. Anaishi ardhini, anajenga kichuguu cha udongo laini kama nusu chungwa au zaidi, hakina tundu juu, na baada ya mvua vichuguu huibuka usiku mmoja kwenye nyasi ambazo jana zilikuwa tambarare. Mtoto akisimama juu yake na ndara, wanapanda kimya mpaka gotini, kisha wanachoma karibu wote kwa pamoja. Maji hayawatoi, wanang'ata kwa mataya ndipo wanachoma kwa mkia. Wafute kwa kiganja au kitambaa, kwa nguvu na haraka, vueni viatu na soksi. Kesho yake kila alama itakuwa na kijipu cheupe. Msikipasue, ngozi ile ndiyo kinga yake. Osheni kwa sabuni, pakeni haidrokotizoni ya asilimia 1, na setirizini kwa kipimo cha umri. Uso ukivimba, sauti ikikauka, au akatapika na kulegea ndani ya nusu saa, ni 911 mara moja, hiyo ni aleji ya mwili mzima.

Mbu: dawa ya kupaka yenye DEET asilimia 20 hadi 30. Losheni ya jua ianze, ikauke, ndipo ya mbu juu yake. Dengue imekwisha kuambukizwa ndani ya Florida, si ya huku peke yake.

Ummu Salma

Jazakumullahu khayran, nyote. Tabibu, shikamoo, na asante sana. Nimebakiwa na mawili. Viwanja vya michezo ya maji, yale mabwawa ya mawimbi na mabomba ya kuteleza, nako ni hatari? Na fataki za usiku: familia nyingi huangalia kutoka ufukweni mwa ziwa la hoteli. Wafanyeje na huyu wa miaka 4?

Tabibu wa Ngamiani, Tanga

Marahaba. Michezo ya maji ya siku hizi inatumia maji ya klorini yanayochujwa muda wote, waingie bila wasiwasi. Hatari iko kwenye maji ya asili yaliyopata joto. Kuna amiba, Naegleria fowleri, anayeishi kwenye maziwa na madimbwi ya maji yasiyo ya chumvi, na anazidi Julai hadi Septemba. Ukimeza maji yake hakudhuru. Akiingia puani kwa kasi, kwa kuruka au kuzamia, hupanda kwenye mshipa wa kunusa hadi kwenye ubongo, na wanaopona ni wachache mno. Mwaka 1980 mtoto wa miaka 11 alifariki baada ya kuogelea River Country, kiwanja cha kwanza cha maji cha Disney, kilichokuwa kikitumia maji ya ziwa. Kilifungwa 2001. Wakipelekwa kuogelea ziwani na jamaa, wavae kibanio cha pua, wasirukie maji, wasitibue matope ya chini. Homa, kichwa kikali na shingo kukaza ndani ya siku 1 hadi 12 baada ya hapo, daktari aambiwe wazi kwamba mtoto aliogelea ziwani, kwani asipoambiwa atatibu homa ya uti wa mgongo ya kawaida.

Chumbageni Orlando, kazi za hoteli

La fataki nijibu mimi. Hoteli nyingi za kando ya ziwa zina baraza ya juu au gati lenye vizuizi, na fataki zinaonekana vizuri kutoka huko kuliko mchangani. Waulize mapokezini siku ya kufika. Kama lazima wakae nje, viti viwe upande wa nyuma wa mchanga, penye taa, watu wazima wakae kati ya maji na mtoto, na mmoja wao kazi yake ni mtoto tu: hashiki simu, harekodi. Giza likiingia huyu wa miaka 4 abaki kwenye kigari chake amefungwa mkanda, maana watu wote wakitazama juu ndipo mtoto anapoteremka kufuata maji. Wakirudi vyumbani wapite njia ya saruji yenye taa, tochi chini, viatu vya kufunika vidole. Njia ya mkato ya majani ndiyo yenye nyoka mdogo wa njuga, aliyetoka kujipasha kwenye joto la lami.

Mto Wami

Dada, moja la nyongeza kwa watoto wenyewe. Wapelekeni Gatorland mapema katika safari, ni kiwanja cha tangu 1949 na aligeta wapo kwa mamia, wa kila kimo. Wamwambie yule wa miaka 9 atafute mmoja aliyezama mpaka macho tu, ahesabu anachukua muda gani kumwona. Akishashindwa mara mbili tatu kwenye dimbwi ambalo ameambiwa wamejaa, hatahitaji kukatazwa ukingo wa hoteli. Na wakipanda gari la Kilimanjaro Safaris kule Animal Kingdom, kiwanja kingine cha Disney, pale darajani watazame upande wa maji: wale waliolala chini ni mamba wa Nile, ndugu wa hawa wa Wami. Walinganishe pua. Ya mamba ni nyembamba na jino la nne la chini linaonekana hata akifumba. Ya aligeta ni pana, na akifumba yanabaki meno ya juu peke yake.